Tope Si Maji: Mhadhara juu ya Pampu za Kinuni



Nimekuja na chupa mbili. Moja ina maji matupu. Nyingine ina maji na unga wa jiwe la dhahabu, nusu kwa nusu kwa uzito. Naitikisa hii ya pili, naiweka mezani, na nawaomba mtazame kitako chake, si shingo. Mchanga umeshaanza kulala. Chembe ya jiwe yenye upana wa milimita moja, ikiwa peke yake majini, huzama kwa kadiri ya sentimita 15 kila sekunde. Isage hadi mikroni 75, ulaini unaotafutwa katika vinu vingi vya dhahabu, nayo itazama milimita 5 tu kwa sekunde. Isage zaidi, ifike mikroni 10, na itahitaji saa 3 kushuka mita moja. Ndani ya chupa hii zimo zote: zilizokwisha kulala, zinazoshuka taratibu, na zile zitakazoyachafua maji haya mpaka kesho.

Aliyekunywa togwa analijua jambo hili. Unatikisa kwanza, ndipo unakunywa. Sasa fikirini togwa ya mawe, mamia ya tani kwa saa, inayotakiwa kupandishwa mita 20 au 30 juu, usiku na mchana, bila kupata nafasi ya kulala hata kidogo. Kazi hiyo inafanywa na pampu ya tope, na mashine hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Mwaka 2017 neno makinikia, yaani mchanga wenye madini unaotoka kinuni, liliingia katika kila nyumba ya Tanzania. Serikali ilizuia yasisafirishwe nje mwezi Machi, makontena yakabaki bandarini Dar es Salaam, na mjadala ukapamba moto kwenye daladala na vijiweni. Mimi nilifurahi kwa sababu ya kifundi: hatimaye watu walikuwa wanazungumzia kinachotoka kinuni. Lakini sikumsikia hata mmoja akiuliza yale makinikia yalitembeaje kabla ya kutiwa kontenani. Yalitembea yakiwa tope. Yalitoka kwenye matangi ya povu, yakasukumwa na pampu hadi kwenye tangi la kutuamisha, yakasukumwa tena hadi kwenye kichujio, na hapo ndipo yalipokuwa unga wenye unyevunyevu unaoweza kubebwa. Jiwe likishaingia kinuni haliguswi tena kwa koleo. Linabebwa na maji, na maji yanabebwa na pampu.

Tuchukue kinu cha kawaida cha dhahabu, cha aina iliyopo Geita au Tarime. Jiwe huvunjwavunjwa kwanza kwenye karasha, kisha huingia kwenye pipa kubwa linalozunguka likiwa na gololi za chuma ndani yake. (Wachimbaji wadogo huliita karasha pia hilo pipa la gololi, nisameheni nikilitenga, nataka tuelewane.) Tope linalotoka kwenye pipa huangukia kwenye tangi fupi liitwalo sampu, na chini ya sampu ipo pampu. Pampu hulisukuma tope juu hadi kwenye saikloni, ambayo ni faneli kubwa iliyovikwa mpira kwa ndani. Humo tope huzungushwa kwa kasi: chembe laini hutokea juu kwenda kwenye matangi ya kuyeyushia dhahabu, chembe nene hutokea chini na kurudi kwenye pipa zikasagwe upya.

Wanaoanza kazi hii huwa hawaamini ninapowaambia kwamba kinachorudi ni kingi kuliko kinachoingia. Kinu kikilishwa tani 100 za jiwe kwa saa, ni kawaida kabisa tani 250 zikarudi kutoka kwenye saikloni. Maana yake pampu ile moja inabeba tani 350 za jiwe kila saa, mbali na maji yake. Kwa wastani jiwe lilelile hupita ndani ya pampu mara tatu na zaidi kabla halijawa laini vya kutosha. Kwa hiyo nikiombwa kuonyesha moyo wa kinu, simpeleki mgeni kwenye lile pipa kubwa ambalo kila mtu hupiga nalo picha. Namshusha ngazi hadi chini, kwenye giza na sakafu yenye utelezi, pale pampu inaponguruma.

Mzee mmoja aliyenifundisha kazi hakuanza zamu kwa kusoma geji. Alisimama kwanza chini ya saikloni akatazama mdomo wake. "Kijana wangu," alikuwa akiniambia, "ukiona tope linafunguka kama mwavuli, nenda kanywe chai. Ukiliona limesokotana kama kamba, chai utaikuta imepoa." Tope la mwavuli lina maana saikloni inapumua vizuri. Tope la kamba lina maana imezidiwa na mchanga, na chembe nene sasa zinatoroka juu pamoja na laini, dhahabu ikiwa bado imefungiwa ndani yake. Dhahabu hiyo itapita kwenye matangi yote ikiwa haijaguswa na dawa, na itaishia kwenye bwawa la mabaki. Mara nyingi chanzo chake ni sampu iliyokosa maji au pampu iliyochoka.

Sasa mizani. Chombo cha maana kuliko vyote kwa mwendesha pampu ni kopo la lita moja na mizani ya kuning'iniza. Lita moja ya maji ina kilo 1. Kama jiwe lenu lina uzito mara 2.7 ya maji, lita moja ya tope lenye asilimia 40 ya mawe itakuwa na kilo 1.34. Asilimia 50 itatoa kilo 1.46, na asilimia 60 kilo 1.61. Yaandikeni haya ukutani karibu na sampu, kwa rangi. Pampu inayopandisha maji mita 25 inaweza kulipandisha tope karibu kimo hichohicho, pungufu kidogo, lakini mota inalipa kwa kila gramu iliyoongezeka. Tope la kilo 1.46 kwa lita linadai umeme zaidi ya maji kwa karibu nusu. Ndiyo maana pampu iliyonunuliwa kwa kusoma jedwali la maji huzima kila baada ya dakika chache, na fundi hubaki akiilaumu mota isiyo na kosa.

Na yule anayebadilisha puli ili pampu "ikimbie kidogo" ajue hesabu hii: ukiongeza mzunguko kwa asilimia 10, tope litakalopita litaongezeka kwa asilimia 10, kimo kitaongezeka kwa asilimia 21, na umeme utakaotakiwa utaongezeka kwa asilimia 33. Mkanda mpya na puli mpya ni rahisi kuvinunua. Mota si rahisi.

Nimefika kwenye jambo lenyewe. Tope lina mwendo wake wa haki ndani ya bomba. Likienda polepole kuliko hapo, mchanga unalala chini ya bomba kama ulivyolala kwenye chupa hii. Mwanzoni ni utando mwembamba, kisha ni tuta, na mwishowe bomba lote limejaa na pampu inazunguka bure huku ikichemka. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Ufaransa aitwaye Durand, akifanya kazi Grenoble, alitoa kanuni ya kukadiria mwendo huo, na hadi leo wahandisi huanza nayo. Kanuni hiyo inasema mwendo wa chini unaotakiwa unategemea ukubwa wa chembe, uzito wa jiwe, na upana wa bomba. Kwa mabomba mengi ya kinuni unaangukia kati ya mita 1.5 na mita 3 kwa sekunde.

Sikilizeni neno la mwisho katika orodha hiyo: upana wa bomba. Nilipokuwa kijana katika mgodi ambao sitautaja, tulikuwa na bomba la milimita 150 lililopitisha mita za ujazo 140 kwa saa. Mwendo wake ulikuwa mita 2.2 kwa sekunde. Bomba lilikuwa likilika kwenye viwiko, na sisi tukaona tulisaidie. Tukaweka la milimita 200, kwa mawazo kwamba njia ikiwa pana tope litapita kwa raha. Hata mimi niliunga mkono. Tope lilelile, pampu ileile, sasa likawa linakwenda mita 1.2 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, bomba pana linadai mwendo mkubwa zaidi, si mdogo, ili mchanga usilale. Tulikuwa tumepunguza mwendo pale ulipotakiwa kuongezwa. Siku ya pili bomba lilikuwa limeziba, na tulilikata vipande vipande kwa gesi, tukikokota mchanga mgumu kama saruji. Tangu hapo simruhusu mtu abadilishe upana wa bomba kabla hajaandika mwendo wake kwenye karatasi.

Basi mtaniuliza: kwa nini tusilikimbize tope kwa kasi kubwa, tukawa salama? Kwa sababu tope lina meno. Mawe ya kwazi ni magumu kuliko chuma cha kawaida, na kila chembe inayopita inakwangua. Ukiongeza mwendo maradufu, ulikaji unaongezeka si mara mbili bali mara 6 hadi 8. Pampu iliyopaswa kudumu miezi inakwisha kwa wiki chache. Kwa hiyo mwenye pampu ya tope anapita njia nyembamba: akipunguza, analazwa, akizidisha, analiwa. Njia hiyo haikai mahali pamoja, kwani jiwe la leo si la jana. Mgodi ukihama kutoka mwamba wa juu, ulioozeshwa na mvua na uliojaa udongo laini, kwenda mwamba mgumu wa chini, tope linabadilika tabia katika bomba lilelile. Fundi anayeijua pampu bila kulijua jiwe anaijua nusu ya kazi.

Mwaka 1938 huko Kalgoorlie, mji wa dhahabu wa Australia Magharibi, mhandisi Charles Warman alibuni pampu ya tope ambayo ukoo wake umeenea katika vinu vya dunia nzima. Ninachokipenda katika pampu za ukoo huu ni kwamba zimekubali kuliwa. Ganda la nje ni vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti, na ndani yake mna mavazi yanayobadilishwa yakichakaa, ama ya mpira, ama ya chuma kigumu. Fundi anafungua, anavua vazi lililolika, anavika jipya, na ganda linaendelea na maisha. Impela, lile gurudumu la ndani linalolisukuma tope, nayo ni ya kubadilishwa.

Vijana huwa wanashangaa nikisema mpira unaweza kukishinda chuma. Kwa chembe laini unakishinda kweli: chembe inagonga, mpira unabonyea na kuirudisha, wala haupotezi kitu. Lakini mpira unaogopa vitu vitatu: mafuta, joto kali, na jiwe kubwa lenye ncha. Kipande kimoja cha gololi iliyovunjika kikipita, vazi limechanika. Kwa tope lenye chembe kubwa tunatumia chuma cheupe chenye kromu ya asilimia 27 hivi. Hicho ni kigumu sana, na ugumu wake ndio udhaifu wake, kwa maana hakivumilii kupigwa. Msikipige nyundo wakati wa kufunga. Nimeona impela mpya ikipasuka mikononi mwa mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Kati ya impela na vazi la mbele kuna mwanya mdogo. Ukipanuka, tope linarudi nyuma na kuzunguka palepale, likila pande zote mbili, na pampu inapoteza nguvu bila kelele. Ipo skrubu ya kusogeza nyumba ya beringi mbele ili mwanya urudi. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na pampu inayorekebishwa kwa wakati huishi zaidi. Pampu nyingi nilizozikuta zimekufa mapema zilikuwa hazijawahi kusogezwa hata mara moja tangu zifungwe.

Kuhusu pakingi, kizibo cha shafti, nitasema kidogo tu. Pale shafti inapoingia kwenye pampu tunapeleka maji safi kwa shinikizo lililo juu kidogo kuliko la tope, ili maji yaingie ndani badala ya mchanga kutoka nje. Matone yanayodondoka hapo si uvujaji wa kuzibwa. Nimewahi kumkuta mtu mwenye nia njema kabisa akifunga valvu ya maji hayo ili "asipoteze maji". Kabla ya zamu kwisha shafti ilikuwa imechongwa kama kalamu.

Povu ni somo la peke yake. Katika vinu vya shaba vya Kolwezi, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili cha Katanga, madini hutolewa kwa kuyapandisha juu ya mapovu, na mapovu hayo lazima yasukumwe. Pampu haipendi hewa. Mapovu hukusanyika katikati ya impela, pale mlango wa tope ulipo, na pampu inazunguka ikiwa tupu ingawa tangi juu yake limefurika hadi sakafuni. Dawa yake ni tangi refu lenye umbo la koni, mdomo mpana wa pampu, na mwendo wa taratibu. Kuongeza kasi kunaharibu zaidi.

Kuna siri moja ya pampu za dhahabu ambayo walinzi wa migodi wanaijua vizuri kuliko wahandisi. Dhahabu ina uzito mara 19.3 ya maji, na kwazi mara 2.65 tu. Mchimbaji mdogo anayezungusha karai ukingoni mwa kijito anaishi kwa tofauti hiyo: kilicho kizito kinabaki chini. Ndani ya kinu sheria ni hiyohiyo. Popote tope linapopunguza mwendo, dhahabu nene inalala: kwenye kona za sampu, chini ya mavazi ya pipa, kwenye kiwiko cha bomba. Sampu ikisafishwa, takataka za chini zinaweza kuwa tajiri kuliko jiwe lolote lililoingia kinuni mwezi ule. Kulala kulekule kunakoziba bomba langu ndiko kunakomlisha mwenye karai, na sijawahi kuona ajabu nzuri kuliko hiyo katika kazi yetu.

Tope likizidi kuwa zito linaacha kuwa uji, linakuwa ugali. Ugali haulali, kwa sababu hauna maji ya kuzamia, na kwa hiyo unaweza kwenda polepole bila kuziba. Ila impela haiwezi kuusukuma. Unataka pampu ya pistoni, inayosukuma kama bomba la sindano. Hapa kwetu Bulyanhulu ilianza kwa mtindo huo mwaka 2001, ikiwa miongoni mwa migodi ya mwanzo duniani kumwaga mabaki yake juu ya ardhi yakiwa ugali badala ya uji. Na kwa upande wa uji, pampu zinaweza kufika mbali: tangu 2014 Moroko inapeleka fosfeti ikiwa tope kutoka Khouribga hadi Jorf Lasfar kwenye Atlantiki, kwa bomba kuu la kilomita 187. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na treni.

Naligusa jambo la mabwawa ya topesumu, yanamomwagwa mabaki ya kinu, kwa uzito wake. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa la Fundão nchini Brazili lilibomoka na kuua watu 19. Tarehe 25 Januari 2019, nchi hiyohiyo, bwawa la Brumadinho liliua watu 270. Hapa nyumbani, Novemba 2022, bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui wilayani Kishapu lilibomoka, tope likafunika mashamba na makazi. Kila bwawa lina sababu zake, na wataalamu wa udongo ndio wenye kuzieleza. Lakini mwendesha pampu asijitoe. Pampu ikielemewa, mkono wake unakwenda kwenye valvu ya maji. Anaongeza maji, tope linakuwa jepesi, mota inapoa, zamu inapita salama. Maji hayo hayapotei. Yanafuata bomba hadi bwawani, na maji ndiyo adui wa kwanza wa kuta za bwawa. Wale wanaolala chini ya ukuta huo hawamjui, wala yeye hawajui.

Miongozo ya mashine hizi imeandikwa kwa Kiingereza, na anayelala chali chini ya pampu saa 9 usiku akiwa na tochi mdomoni anawaza kwa Kiswahili. Namwomba kila mhandisi aliyepo hapa atafsiri angalau ukurasa mmoja: ule wa kuzima.

Maana kuwasha pampu ya tope ni kazi ya kila mtu. Kuzima ni ya fundi. Ukizima kwa hiari yako, kwanza unafunga tope, unapitisha maji matupu mpaka yanayotokea mwisho wa bomba yawe meupe, ndipo unazima. Umeme ukikatika hakuna hiari. Mchanga ulioko katika bomba lililosimama unaanza kushuka palepale, nanyi mmeona kwenye chupa unachukua muda gani. Mtu mmoja anakimbilia valvu ya kumwagia iliyo chini kabisa ya bomba na kuifungua, mwingine anafungua mlango wa sampu ili isijae ikaganda, wa tatu anawasha jenereta ya pampu ya maji kama ipo. Kila mmoja awe anajua nafasi yake kabla giza halijaingia.

Na kama mmechelewa, msikimbilie mashine ya kukatia. Chukueni spana nzito, anzieni kwenye pampu, mgonge bomba taratibu kila baada ya hatua moja huku mkitega sikio. Bomba lililo wazi linalia kama kengele. Lenye mchanga linajibu kwa sauti iliyoziba, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Pale sauti inapobadilika wekeni alama ya chaki, endeleeni mpaka kengele irudi, wekeni alama ya pili. Kateni katikati ya chaki hizo mbili.

Chupa ziko hapa mezani. Mwenye kutaka kuziinamisha na aje.